Maji Yakipoteza Rangi, Rangi Imekwenda Wapi?

Mtu wa Arusha hahitaji kufundishwa kwamba maji meupe yanaweza kudhuru. Chemchemi na visima vingi vinavyouzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Ngarenanyuki ni ushahidi tosha, ingawa maji waliyokunywa utotoni yaling'aa kwenye glasi. Lakini tukifika kwenye maji ya viwanda vya nguo, somo hilo tunalisahau. Mfereji ukipita mwekundu, mtaa mzima unampigia simu mwenyekiti. Ukipita mweupe wiki inayofuata, tunasema wamerekebisha.

Huenda hawajarekebisha kitu. Kuondoa rangi na kusafisha maji ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza ni rahisi kuliko ya pili. Tena ukiifanya ya kwanza peke yake, unawanyima watu wa chini ya mto ishara pekee waliyokuwa nayo.

Hesabu ya kilo 100

Tuanze pale rangi inapoingia. Chukua kilo 100 za kitambaa cha pamba kinachotakiwa kuwa chekundu. Katika mashine nyingi kila kilo ya kitambaa huhitaji lita 10 hivi za maji, kwa hiyo tunajaza lita 1,000. Nyekundu iliyokolea inataka rangi asilimia 3 ya uzito wa kitambaa, yaani kilo 3. Pamba na rangi hii havivutani vyenyewe ndani ya maji. Lazima rangi isukumwe kwa chumvi. Kwa rangi iliyokolea si ajabu kuweka gramu 60 kwa kila lita, na hizo ni kilo 60 za chumvi, zaidi ya nusu ya uzito wa nguo. Mwishoni hutiwa magadi ya viwandani ili rangi ijifunge kwenye uzi.

Sio yote inayojifunga. Sehemu ya rangi huungana na maji badala ya pamba, na ikishaungana na maji haina kazi tena. Tuseme robo tatu imeshika, ambayo kwa rangi za aina hii ni matokeo ya kawaida. Gramu 750 zimebaki. Nguo inasuuzwa kwa maji baridi, kwa maji moto yenye sabuni, inasuuzwa tena, hadi jumla ya maji yaliyotumika ifike lita 10,000. Kila lita sasa ina miligramu 75 za rangi. Jicho la binadamu linaweza kuiona rangi ikiwa miligramu 1 tu kwa lita, na kwa rangi kali hata chini ya hapo. Mtu akitaka kuifikisha kwenye miligramu hiyo 1 kwa kuongeza maji safi, atahitaji jumla ya maji ifike lita 750,000 kwa ajili ya kilo 100 za nguo. Na akishazimwaga zote, zile gramu 750 zitakuwa bado zipo mtoni, hazijapungua hata chembe.

Hapo tumezungumzia rangi tu. Rangi ndiyo inayoonekana, lakini sio mzigo mkubwa kuliko yote. Kabla uzi haujaingia kwenye mtambo wa kufuma hupakwa wanga ili usikatike, na kabla kitambaa hakijatiwa rangi wanga huo lazima uoshwe. Katika kiwanda kinachofuma pamba, maji ya kuosha wanga peke yake yanaweza kubeba karibu nusu ya uchafu wote unaokula oksijeni. Kisha kitambaa huchemshwa na kostiki soda ili kuondoa nta na mafuta ya asili ya pamba. Maji yake hutoka ya moto na yenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inayozidi 10. Hayo hayana wekundu wala ubuluu. Yakiingia kwenye kijito, bakteria wanakula ule wanga, wanamaliza oksijeni, na samaki wanakufa kwenye maji ambayo mpita njia hata asingegeuka kuyatazama.

Niseme pia kwamba sio kila kiwanda cha nguo kina majitaka ya rangi. A to Z ya Arusha, ambayo mwaka 2003 ilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani, inatumia nyuzi za plastiki ya polithini ambazo dawa ya mbu huchanganywa ndani yake plastiki ikiwa imeyeyuka. Rangi nayo inaweza kuingizwa kwa njia hiyo hiyo, na panapofanyika hivyo hakuna beseni la rangi wala maji ya kusuuza. Tabu inayozungumzwa hapa ni hasa ya pamba, na ya poliesta inayotiwa rangi baada ya kufumwa.

Imetengenezwa isiharibike

Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria akapata urujuani. Ndiyo ikawa rangi ya kwanza ya maabara kuuzwa kibiashara. Miaka miwili baadaye Peter Griess akagundua njia ya kemia iliyozaa familia ya rangi za azo, ambazo leo ndizo nyingi kuliko nyingine zote viwandani. Kitambulisho chake ni atomu mbili za nitrojeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, kila moja ikiwa imebeba upande wake pete za kaboni. Kifungo hicho ndicho kinachonyonya mwanga, na ndicho kinachotupa njano, chungwa na nyekundu za vitenge. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ikaleta sokoni rangi zinazoungana kabisa na uzi wa pamba. Nitaziita rangi tendaji. Kwa mvaaji ni neema: unafua, unaanika juani, unafua tena, nguo haichuji.

Ila fikiria maana yake upande wa pili. Kitu kilichobuniwa kistahimili jua, sabuni na jasho hakitakubali kuvunjwa na bakteria wa kawaida wa bwawa la majitaka. Ubora tunaoulipia dukani ndio usumbufu wa mtambo wa kusafisha maji. Sioni wa kulaumiwa hapo; nani anataka khanga inayochuja?

Na Arusha maji hayaendi mbali na watu. Mto Themi unashuka kutoka Meru, unapita katikati ya jiji, unapita eneo la viwanda, na kandokando yake kuna bustani za mchicha na sukuma wiki zinazomwagiliwa na mto huo huo. Kisha unaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo ni Mto Pangani hadi bahari ya Hindi. Katikati ya njia kuna wavuvi, mashamba na mitambo ya umeme. Bwawa lina tabia moja ambayo mto hauna: linatunza. Kitu kisichooza kikiingia mtoni kinapita. Kikiingia bwawani kinakaa.

Shabu, mlonge na tope

Njia ya mkato inayojulikana na kila mtu ni jiki. Klorini inavunja kile kifungo cha azo na maji yanaonekana kutakata papo hapo. Lakini vipande vya rangi vinabaki, na vingine vinaungana na klorini kuwa misombo ambayo ni sugu na yenye sumu kuliko rangi iliyokuwepo. Kwa maoni yangu, kumwaga jiki kwenye mfereji wa kiwanda ni kufuta ushahidi, sio kusafisha.

Njia ya heshima zaidi, na ya zamani, ni shabu, lile jiwe vinyozi wanalopaka baada ya kunyoa. Chembe nyingi za rangi majini zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zikielea. Aluminiamu iliyo kwenye shabu ina chaji chanya. Inauondoa ule msukumano, chembe zinashikana kuwa mabonge, na maji yanakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Fundi hakisii kipimo. Anapanga bilauri sita zenye maji yale yale, kila moja anaitia shabu kiasi tofauti, anakoroga kwa kasi dakika moja, anapunguza mwendo ili mabonge yakue, kisha anaziacha zitulie na kutazama ipi imetakata kwa shabu kidogo zaidi. Akizidisha, chembe zinavikwa chaji chanya na kuanza kusukumana upya. Na kama hajaishusha pH ya yale maji ya kostiki hadi karibu na 6 au 7, anapoteza shabu yake bure. Ndiyo maana kiwanda makini huanza na bwawa la kuchanganyia, ambamo maji ya asubuhi yenye kostiki yanakutana na ya mchana yenye asidi, yanapoa, yanasawazika, ndipo yaguswe.

Mbegu za mlonge zinafanya kazi inayofanana, kwa sababu zina protini yenye chaji chanya. Kijijini, kwa ndoo ya maji ya tope, ni dawa nzuri. Kiwandani sina imani nazo sana: unahitaji magunia kwa magunia, na mafuta na protini nyingine za mbegu hubaki majini na kuongeza chakula cha bakteria uliokuwa unajaribu kukipunguza.

Shabu inafanya vizuri kwa rangi zisizoyeyuka, kama zile za poliesta. Kwa rangi tendaji, ambazo zinayeyuka vizuri mno, inasuasua. Hata inapofanikiwa, jiulize swali la kichwa cha makala hii. Rangi iko chini ya tangi, kwenye tope. Tope hilo ni la maji maji, ni zito kubeba, na lina kila kitu kilichokuwa kwenye maji pamoja na aluminiamu uliyoiongeza. Likiachwa nyuma ya ukuta wa kiwanda hadi masika, mvua italirudisha Themi bila kuomba kibali.

Mkaa tunaoujua

Njia ya pili ni kunasa rangi kwenye mkaa, na hapa kaskazini tuna historia nayo. Pale Ngurdoto, karibu na Usa River, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru na kupitisha maji ya kunywa kwenye mkaa wake. Floraidi inabadilishana nafasi na sehemu ya madini ya mfupa. Mkaa huo huo wa mifupa ulitumika tangu karne ya 19 kung'arisha sukari ya miwa, kwa hiyo kunasa rangi sio kazi ngeni kwake. Ila kwa maji ya viwanda vya nguo mkaa wa mimea ulioamilishwa, yaani uliochomwa kwa mvuke au kemikali ili utoboke vitundu vidogo mno, una uwezo mkubwa zaidi: gramu moja ina uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500 ukihesabu kuta za vitundu vyote. Malighafi ipo. Moshi kuna makapi ya kahawa kutoka mashine za kukoboa, kuna pumba za mpunga kutoka mashamba ya kusini mwa mji, na Arusha Chini kuna makapi ya miwa, ingawa hayo kiwanda cha TPC kina kazi nayo, kinayachoma kupata umeme.

Hapa nina neno na watafiti. Duniani karibu kila ganda la tunda limeshachomwa, likajaribiwa, na kusifiwa kwamba linaondoa rangi kwa zaidi ya asilimia 90. Tazama rangi waliyotumia: mara nyingi ni bluu ya methilini. Rangi hiyo ina chaji chanya na inang'ang'ania mkaa kwa urahisi sana. Rangi tendaji za pamba zina chaji hasi, ni kubwa, na hazina haraka ya kutoka majini, zaidi sana kukiwa na sabuni na mafuta yanayogombea nafasi hizo hizo. Matokeo ya bluu ya methilini hayatuambii mengi kuhusu mfereji halisi.

Halafu kuna hesabu. Tuseme mkaa wako unanasa miligramu 100 za rangi kwa kila gramu. Zile gramu 750 zitahitaji kilo 7.5 za mkaa. Kiwanda kinachotia rangi tani 5 kwa siku kitahitaji kilo 375 kila siku, na kesho yake kitakuwa na kilo 375 za mkaa uliojaa rangi. Kuurudisha uhai unahitaji tanuru. Kwa hiyo mkaa unafaa kumalizia, maji yakiwa yameshasafishwa kwa njia nyingine na mabaki ni kidogo. Hilo hilo ndilo jibu kwa wanaouliza kwa nini tusitumie chujio la Askwar Hilonga, mwanasayansi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, aliyepata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lile ni chujio la maji ya kunywa. Kulibebesha miligramu 75 za rangi, sabuni na gramu za chumvi kwa kila lita ni kulionea.

Bakteria na vipande vya rangi

Sasa tuje kwenye njia ambayo kwa kweli inavunja rangi badala ya kuihamisha. Bakteria wakiwa na hewa hutumia oksijeni kupumua, na rangi ya azo inapita mbele yao bila kuguswa. Wanyime hewa, uwape chakula, watatafuta kingine cha kupokea elektroni zao, na kile kifungo cha nitrojeni kinafaa. Wanakikata. Rangi inapotea. Na chakula chenyewe kinaweza kuwa ule wanga ulioleta matatizo mwanzoni, jambo ambalo nalipenda sana katika kemia hii: takataka moja inalipia kuvunjwa kwa nyingine.

Mtu asiyejua angefungua bomba hapo hapo na kuyaachia maji mtoni. Lakini ukikata rangi ya azo katikati unapata vipande viwili vinavyoitwa amini aromatiki, na baadhi ya vipande hivyo vina sifa mbaya. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti saratani ya kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye uchunguzi uliwataja wahusika, wakiwemo benzidini na naftilamini, wote wa ukoo huo wa amini. Ujerumani mwaka 1994, na Umoja wa Ulaya mwaka 2002, zilipiga marufuku nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa amini za orodha hiyo. Sio kila rangi ya azo inatoa amini hatari, na viwanda vinavyouza nje vinalazimika kuchagua. Ila mnunuzi wa rangi ya kupima kwa kijiko sokoni hana cheti chochote mkononi.

Amini hizo nyingi huvunjwa na bakteria wengine, wale wenye kuhitaji hewa. Kwa hiyo mpangilio ndio siri: kwanza tangi lisilo na hewa, ambamo rangi inakatwa, kisha tangi linalopuliziwa hewa, ambamo vipande vinaliwa. Ukigeuza mpangilio, au ukiacha nusu ya pili kwa sababu umeme ni ghali na maji tayari ni meupe, umetengeneza maji yanayopendeza na yanayoweza kuwa mabaya kuliko yale mekundu. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kwa nini mkaguzi asitumie macho tu.

Kuna wanaosema maji haya yapelekwe tu kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, kama yale ya Mabogini yanayohudumia Moshi. Mabwawa ya namna hiyo yanategemea mwani, na mwani unategemea jua kutengeneza oksijeni. Ukiyatia rangi nyeusi umefunga dirisha. Kiwanda kinaweza kuunganishwa na mfumo wa mji, lakini baada ya kufanya sehemu yake kwanza ndani ya uzio wake.

Kando ya bakteria wapo uyoga. Uyoga mamama, unaolimwa kwenye mifuko ya pumba na kuuzwa sokoni, hutoa kimeng'enya kinachovunja mbao ngumu, na kimeng'enya hicho hakichagui sana: kinaweza kuvunja na rangi. Maabara zimeonyesha hivyo mara nyingi. Kukifanya kifanye kazi hiyo mwaka mzima kwenye maji yenye chumvi na pH inayopanda na kushuka ni habari nyingine.

Chumvi haiendi popote

Zipo njia za nguvu. Mwaka 1894 Henry Fenton wa Cambridge alieleza jinsi chuma na haidrojeni peroksaidi vikikutana vinavyozaa kioksidishaji kikali sana, na leo mchanganyiko wake unatumika kurarua rangi hadi kwenye kaboni daioksaidi na maji. Sharti uishushe pH hadi karibu 3, kisha uipandishe tena, na ubaki na tope la chuma. Ozoni nayo inafuta rangi vizuri bila tope, kwa gharama ya umeme. Nitapita haraka hapa, kwa kuwa zote zinagonga ukuta mmoja: hakuna hata moja inayogusa chumvi.

Rudi kwenye zile kilo 60. Shabu haizizamishi, mkaa hauzinasi, bakteria hawazili, ozoni haizichomi. Katika lita 10,000 ni gramu 6 kwa lita, wakati maji ya bahari yana takriban 35. Mchicha ukimwagiliwa maji ya namna hiyo msimu baada ya msimu, udongo unaharibika.

Mji wa Tirupur, kusini mwa India, ulijifunza hili kwa njia ngumu. Ni mji wa fulana. Viwanda vyake vya kutia rangi vilimwaga maji kwenye Mto Noyyal, na bwawa la Orathupalayam lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji likageuka ghala la maji ya chumvi ambayo wakulima hawakuweza kuyatumia. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe hadi visiachie hata tone nje. Waliofungua tena walifanya hivyo kwa mitambo ya utando inayochuja maji kutoka kwenye chumvi kwa shinikizo kubwa, na majiko ya kukausha brini, yaani maji ya chumvi kali, iliyobaki. Maji yanarudi kiwandani, sehemu ya chumvi inarudi kwenye sufuria ya rangi. Inawezekana. Ankara ya umeme yake ndiyo inayomfanya mwenye kiwanda akune kichwa.

Kinachopimwa, na kisichopimwa

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliipa meno NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayemwaga majitaka mtoni awe na kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa huku ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Viwango vya taifa vinataka BOD, yaani oksijeni wanayohitaji bakteria kwa siku tano kula uchafu, isizidi miligramu 30 kwa lita. COD, oksijeni inayohitajika kuuoksidisha uchafu kwa kemikali, isizidi 60. pH iwe kati ya 6.5 na 8.5, na rangi isizidi vipimo 300 vya TCU.

Ukiisoma orodha hiyo baada ya haya yote utaona inavyohitaji akili ya msomaji. Kipimo cha rangi kinatokana na mizani ya Allen Hazen ya 1892, iliyotengenezwa kwa platinamu na kobalti ili kupima unjano wa maji ya mito na mabwawa. Bluu na waridi hazikuwa akilini mwake. BOD nayo inaweza kushuka chini ya 30 huku rangi ikiwa imejaa, kwa sababu bakteria wa maabara hawaili. Ndiyo maana BOD na COD zitazamwe pamoja: COD ikibaki juu na BOD ikiwa chini kabisa, kuna kitu mle ndani ambacho hakiozi. Na vyote viwili havioni chumvi. Hiyo inaonekana kwa kipimo cha upitishaji umeme, kifaa cha kushika mkononi ambacho hata kikundi cha wakulima kinaweza kukinunua.

Wasiokuwa na mtambo

Kuna watu ambao sheria hizi ni kama haziwaoni: watengeneza batiki. Nyuma ya nyumba moja Pasua, Moshi, nilimtazama mama mmoja akifanya kazi yake. Mshumaa unayeyuka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa; sponji iliyokatwa umbo la nyota inachovywa na kugongwa kwenye kitambaa. Pembeni kuna ndoo ya rangi iliyochanganywa na kostiki soda na haidro. Alipokitoa kitambaa kilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, akakitandaza kwenye kamba, na ndani ya dakika chache hewa ikakigeuza bluu.

"Hayo maji mama unamwaga wapi?"

"Hapo kwenye mfereji. Nilikuwa namwaga kwenye migomba ikakauka, mwanangu, nikaacha."

Migomba ilikauka kwa kostiki. Lakini kile kilichotokea kwenye kamba ndicho kinachoweza kumsaidia. Rangi za aina hii haziyeyuki. Haidro ndiyo inayoziyeyusha kwa muda, na hewa inazirudisha zilivyokuwa. Maji yaliyobaki yakiwekwa kwenye pipa na kukorogwa mara kwa mara kwa siku moja au mbili, haidro inakwisha nguvu na rangi inaanza kujitenga yenyewe. Ukipunguza makali ya kostiki kwa siki na kuongeza shabu kidogo, sehemu kubwa inazama. Maji ya juu yanachujwa kwenye mchanga. Nilipomweleza, akauliza swali la mhandisi.

"Na hiyo itakayobaki chini, nayo naipeleka wapi?"

Ikaushwe juani kwenye beseni pana, ibaki unga, itunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Isiende shambani wala jikoni. Mtu mmoja anajaza ndoo polepole sana. Vikundi kumi vikichangia pipa moja na mahali pamoja pa kupeleka unga huo, halmashauri ina kitu cha kusimamia. Leo hakuna.

Viwanda vikubwa navyo vina hatua rahisi kuliko mitambo yote niliyoitaja, nayo ni kutenganisha mabomba. Katika ile hesabu ya kwanza, sehemu kubwa ya chumvi na ya rangi iliyokataa kushika hutoka na zile lita 1,000 za mwanzo. Lita 9,000 za kusuuza ni chafu kiasi, na zinaweza kusafishwa kwa bakteria na kutumika tena. Kinachofanyika mara nyingi ni kuzichanganya zote kwenye mfereji mmoja, na hapo umechafua lita 10,000 kwa uchafu wa lita 1,000. Ipo pia njia ya kutia rangi kwa baridi, ambapo kitambaa hulowekwa rangi na alkali, kikakamuliwa, kikavingirishwa kwenye rola na kufunikwa kwa plastiki usiku kucha. Haihitaji chumvi, na rangi inayoshika ni nyingi zaidi. Mashine yake sio ya ajabu. Inachotaka ni msimamizi mwenye subira na oda zisizobadilika kila baada ya saa mbili.

Kwa zile lita 1,000 za chumvi, jua la Kisongo au la tambarare za chini ya Moshi linaweza kufanya kazi ya majiko ya Tirupur: mabeseni mapana, ya kina kifupi, yaliyotandikwa plastiki nene isiyovuja. Kuanzia Juni hadi Oktoba yatakausha. Machi hadi Mei mvua inaingiza maji kuliko jua linavyoyatoa, kwa hiyo mwenye kiwanda anayepanga hivyo lazima awe na tangi lenye paa la kutunzia brini ya masika yote. Ukubwa wa tangi hilo ndio wa kukagua kwanza kwenye ramani atakayowasilisha.